Fuga: Mbio za Sauti na Mbio za Nafsi katika Shairi la Paul Celan

Istilahi "fuga" inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Katika muziki ni utungo ambamo sauti moja hutangulia na lahani fupi, ya pili ikaidaka kwa kimo kingine, kisha ya tatu, hadi zote zikawa zinafukuzana. Bach ndiye aliyeufikisha utunzi huo kileleni. Katika saikolojia, fuga ni hali ya mtu kuondoka kwao ghafla na kusahau yeye ni nani. Mfano mashuhuri ni Albert Dadas, mfanyakazi wa kampuni ya gesi mjini Bordeaux, aliyeelezwa na Philippe Tissié katika tasnifu ya udaktari ya mwaka 1887.

Ni rahisi mhakiki kuzichanganya maana hizi asomapo "Todesfuge", yaani Fuga ya Mauti, shairi la Paul Celan, Myahudi aliyezaliwa Czernowitz mwaka 1920 na ambaye wazazi wake waliangamia mikononi mwa Wanazi. Shairi lilichapishwa kwanza kwa Kiromania mwaka 1947 likiitwa Tango ya Mauti. Lilipotoka kwa Kijerumani mwaka 1948 ndipo likawa fuga. Badiliko hilo si dogo. Tango ni dansi ya kumbi za starehe, ilhali fuga ni fahari ya sanaa ya Kijerumani. Kwa anwani hiyo, Celan anauingiza urithi wa Bach ndani ya kambi ambamo wafungwa huamriwa kupiga muziki huku wenzao wakichimba kaburi.

Kifani, shairi halina alama za uakifishaji, na vishazi vyake hurudi vikiwa vimepangwa upya. Hata hivyo, si fuga kamili: ushairi una mdomo mmoja, wala sauti zake haziwezi kusikika kwa pamoja. Kinachokaribia fuga ni jinsi kauli za wafungwa na za mlinzi zinavyoingiliana, hadi mwishoni majina ya wanawake wawili, Margarete na Sulamith, yakawekwa sambamba pasi na kupatanishwa.

Kwa upande wa saikolojia, mhakiki huteleza. Dadas alikimbia, akasahau. Wasemaji wa Celan hawana pa kukimbilia, na hawasahau lolote. Hulirudia lile lile asubuhi, adhuhuri na usiku. Kudai kwamba shairi linasawiri nafsi iliyojitenga na maumivu yake ni kuwapa wafungwa mlango ambao mtunzi amewanyima kwa makusudi.

Mfasiri wa Kiswahili ana tatizo jingine. Umbo "fuga" linagongana na kitenzi kufuga, yaani kuweka na kutunza kile ambacho kingetoroka. Mgongano huo ni wa bahati tu, lakini asifanye haraka kuuepuka. Mlinzi wa shairi hili anacheza na nyoka, ana mbwa anaowaita kwa mluzi, na Wayahudi anawaita kwa mluzi vilevile.