Kumwazima Mtoto Mkono

Mtoto anayekimbia daftari mara nyingi si mchache wa maneno. Msikilize akisimulia jikoni jinsi kunguru alivyomnyang'anya kipande cha muhogo: anajua pa kuanzia, anajua pa kuvuta pumzi, anajua kukuweka roho juu hata kicheko kikutoke. Mwambie sasa aiandike habari hiyohiyo. Inatoka mistari miwili mikavu, kisha tumbo linamuuma. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini ni nadra kukutana na watoto hawa wawili katika mwili mmoja. Mzazi anayesomesha nyumbani huwaona wote kabla ya chakula cha mchana, na hapo ndipo inapoanza kazi ninayoisifu: ukarani wa mtoto.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtoto anasema, mzazi anaandika, kisha anamsomea alichosema. Faida yake inatokana na jinsi kuandika kulivyo. Kuandika ni kazi nyingi zinazodai kufanywa kwa wakati mmoja: penseli ishikwe sawasawa, herufi zikae juu ya mstari, nukta isisahaulike, na wazo lisitoroke. Kiswahili kinatusaidia, maana neno huandikwa karibu kama linavyotamkwa. Hata hivyo ng'ombe na ngoma huwasumbua wengi, na mtoto anayesikia "r" na "l" zikipokezana nyumbani hana budi kusita. Akimaliza kuamua herufi, sentensi imekwisha kumponyoka. Karani anampokea mzigo wa mkono ili abaki na mzigo wa maneno peke yake.

Uzito wa ufundi huu uko katika uaminifu. Mtoto akisema, "Kunguru akaniangalia kama ananidai," basi na iandikwe hivyo hivyo. Mzazi aliyepitia insha za shule atawashwa mkono. Atatamani siku ianze kwa jogoo kuwika na jua kuchomoza, na papo hapo atafute pa kupachika "kufumba na kufumbua". Ajizuie. Mtoto akisomewa mapambo ambayo hakuyasema, atajifunza jambo moja tu: kwamba maneno yake hayafai kuwekwa kwenye karatasi.

Na akisema "kiti yangu"? Karani aandike kama alivyosikia, kisha asome kwa sauti, polepole. Mara nyingine mtoto atajisikia mwenyewe na kusahihisha. Asiposikia, habari ya leo iachwe ipite. "Kiti changu" itakuwa somo la siku nyingine, nalo litafundishwa peke yake.

Ukarani wa namna hii si aibu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Sehemu kubwa ya tungo zake tulizonazo ilibaki katika kumbukumbu za watu, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika kwa herufi za Kiarabu baadaye katika karne hiyo. Hakuna anayemvua Muyaka ushairi kwa sababu kalamu ilikuwa ya mwingine. Huko Uingereza nako, Charlotte Mason, aliyewaandikia wazazi kitabu chake cha Home Education mwaka 1886, alitaka mtoto asomewe kisa kisha akisimulie kwa mdomo. Kusimulia kwa maandishi kulisubiri hadi mtoto akaribie miaka kumi. Wengi wanaosomesha nyumbani leo bado wanafuata njia hiyo.

Lakini karani mwema hujua pia kuweka kalamu chini. Mkono wa mtoto upate mazoezi yake kwa saa yake, kwa kunakili mistari michache iliyo safi, ili usizoee kubebwa. Kisha aachiwe kichwa cha habari akiandike mwenyewe, halafu sentensi ya mwisho. Siku moja, kisa kinapofika patamu, mama ainuke: "Shika hapa kidogo, mwanangu, naenda kutazama chungu." Asiharakishe kurudi. Mtoto mwenye hamu ya kuona kunguru amefanywa nini hawezi kusubiri wali uive.

Kilichoandikwa kimfikie msomaji wa kweli. Barua kwa bibi aliye Tanga inatosha, kwa sababu bibi hatatoa alama. Atauliza, "Na huyo kunguru, alirudi tena?" Swali hilo linadai jibu, na jibu linadai barua nyingine. Alama ya vema humwambia mtoto kwamba amemaliza, ilhali swali humwambia kwamba kuna mtu anayengoja.

Basi maendeleo yasipimwe kwa usafi wa ukurasa. Yapimwe siku mtoto atakapokata neno lake mwenyewe, bila kuambiwa, aweke lingine juu yake kwa kuwa la kwanza halikusema alichokiona. Anayefanya hivyo ameshaamini kwamba maneno ni yake na uamuzi ni wake. Makosa ya tahajia yatakuwa yamebaki mengi, nayo yana dawa. Imani hiyo haifundishwi kwa imla. Hujengwa na mtu mzima aliyekubali, kwa muda mrefu, kuandika maneno yasiyo yake bila kuyagusa.