Manyoya ya Lord Twining

Mwaka 1972 Darrell Bates, aliyewahi kuwa ofisa wa kikoloni Tanganyika, alichapisha wasifu wa Edward Twining, gavana wa nchi hii kuanzia 1949 hadi 1958. Aliuita A Gust of Plumes, yaani upepo wa ghafla uliojaa manyoya, yale ya kofia ya gavana siku za gwaride. Ni jina tamu. Ugomvi wangu ni na utamu huo.

Uingereza mpaka leo kila kaunti ina mwakilishi wa Mfalme aitwaye Lord-Lieutenant. Cheo kilianza enzi za Henry VIII, kazi yake ikiwa kukusanya askari. Sasa mwenye cheo hana mshahara wala mamlaka ya kisiasa: hupokea wageni wa kifalme, hukabidhi nishani, huvaa sare. Mtu wa namna hiyo ukimwelezea kwa sare yake hujamwonea, maana sare ndiyo kazi.

Twining alikuwa na manyoya na amri pia. Novemba 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa. Mwaka 1957 Nyerere alizuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Jina la kitabu linapotutangulizia manyoya, gavana huyo anageuka mzee mcheshi wa sherehe, na msomaji anaanza kumpenda kabla hajamhoji.

Kwa haki, si kila kitu ni chake. Mradi wa karanga wa Kongwa, hapa mashariki ya Dodoma, ulipangwa London kabla hajafika. Ulianza 1947 na ukazikwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, kwa sababu mvua ilikuwa haba na udongo ulikauka mpaka ukashinda majembe ya trekta. Kongwa haimtii Twining hatiani. Inaonyesha tu serikali aliyoitumikia ilivyopima ardhi ya Wagogo kutoka mbali.

Sherehe nayo alijua kuitumia. Mwaka huohuo wa 1957 aliwakutanisha machifu wa Tanganyika, akitumaini heshima yao ingeizuia TANU. Haikuizuia, TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Yeye alirudi kwao akapewa ubaroni wa maisha, na jina la cheo likabeba Tanganyika pamoja na Godalming, mji ulio kaunti ya Surrey. Mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu historia ya mataji ya Ulaya. Alifariki 1967, na ubaroni ule, kwa kuwa haurithiwi, ukaisha naye.

Sisi je? Mtemi Mazengo wa Mvumi, aliyekuwa mkuu wa watemi wa Ugogo, alifanya kazi ndani ya utawala huohuo. Sheria ya 1963 ikafuta mamlaka ya machifu. Jina lake lilibaki kwenye shule ya sekondari ya Mazengo, ambayo eneo lake leo ni Chuo Kikuu cha St. John's. Vijana wengi wa Dodoma tunalitaja jina hilo bila kujiuliza mtemi aliamua kesi gani, alimkubalia nani, alimkatalia nani. Hayo nayo ni manyoya, ila tumeyavika wenyewe.

Ndiyo maana kitabu cha Bates kinanihusu. Wasifu za wakubwa wetu nazo hufunguliwa kwa orodha ya vyeo na picha za mapokezi. Wengi waliowajua watemi wameshazikwa, na waliobaki ni wazee sana. Anayetaka kuandika maisha ya Mazengo awafuate sasa, na swali lake la kwanza liwe juu ya kesi alizoamua. Mavazi yake watayataja wenyewe.