Dohani na Maneno: Historia ya Lubumbashi katika Matini ya André Yav

Mgeni aingiaye Lubumbashi huonyeshwa kwanza dohani ya kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha masalio ya madini kilicho kando yake. Hiyo ndiyo alama ya mji ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ambao kiwanda chake kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Dohani hiyo hudhihirisha ukubwa wa kazi. Haimtaji aliyeifanya, wala aliyempikia na kumfulia bwana wa kiwanda.

Pengo hilo ndilo lizibwalo na Vocabulaire de ville de Elisabethville, matini iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Jina lake laahidi msamiati. Yaliyomo ni historia. Hata hivyo, jina halidanganyi, kwani majina ambayo watumishi waliwapa mabwana wao ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe. Nyumba ambazo mgeni huzitazama kwa usanifu wake, matini huzisoma kwa kuanzia jikoni.

Atafutaye mfuatano thabiti wa tarehe atakwazika, maana masimulizi huenda mbele na kurudi nyuma. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni maandishi. Kiswahili chake ni cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, na maneno hutengwa au kuunganishwa pasipo kufuata kanuni za Kiswahili sanifu. Fabian mwenyewe aliitegemea sauti ya Kalundi Mango, aliyeisoma matini hiyo, ili maana ijitokeze.

Je, mwalimu aisanifishe kabla ya kuifundisha? Hapana. Methali husema kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini katika jengo la kale ufa nao ni ushahidi. Tahajia ya Yav yaonyesha lugha iliyojifunzwa kazini na mitaani. Kuinyoosha ni kumnyang'anya mtumishi kauli yake kwa mara ya pili. Usanifishaji uwekwe pembeni, katika maelezo. Matini ibaki kama ilivyo. Kisha wanafunzi waende nayo hadi Kamalondo, mtaa wa kale wa Waafrika mjini humo, waisome kwa sauti. Hapo ndipo dohani itakapopata maneno.