NYONGEZA AU FIDIA? UHAKIKI WA MANENO YA MUDA KATIKA MICHEZO

Mji wa Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, uko kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, mahali inapochepuka njia ya Sanya Juu. Jina lake halihitaji mfasiri. Tumeanza na mji huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hapo ndipo tulipoushuhudia ugomvi uliozaa makala haya. Na ya pili ni kwamba neno tunalokusudia kulihakiki lina makao yake ya asili sokoni, wala si uwanjani, na soko Bomang'ombe halikosekani.

Ilikuwa mechi ya kandanda ya vijana. Wenyeji walikuwa wakiongoza kwa mabao mawili kwa moja, na dakika 90 zilipotimia mwamuzi aliinua mikono na kuonyesha kwa vidole kwamba zimebaki dakika 6. Ubao wa umeme haukuwapo. Papo hapo watazamaji wakaanza kupaza sauti: "Majeruhi yuko wapi?" Na kwa hakika, katika kipindi kile hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyetibiwa. Yalikuwapo mabao matatu yaliyoshangiliwa mpaka kwenye kibendera cha kona, wachezaji kadhaa waliobadilishwa, kadi za njano zilizoandikwa polepole, na mpira uliopotelea mara mbili katika shamba la mahindi. Wageni walisawazisha katika dakika ya nne ya zile sita. Mwamuzi ilibidi asindikizwe na wazee, na maneno yaliyomfuata hadi barabarani yalikuwa haya: "Amewapa wenzake nyongeza."

Mwamuzi yule hakukosea. Sheria ya saba ya mchezo wa kandanda inamtaka afidie muda wote uliopotea katika kila kipindi: kwa kubadilisha wachezaji, kuwakagua na kuwatoa walioumia, kutoa adhabu, kunywa maji pale inaporuhusiwa, kushangilia mabao, kukagua picha za video penye mitambo hiyo, na kila ucheleweshaji mwingine wenye uzito. Majeruhi ni sababu moja miongoni mwa nyingi. Watazamaji nao hawakuwa wajinga. Walikuwa wakilisoma neno kama lilivyo. Ukimwambia Mswahili kwamba hizi ni "dakika za majeruhi", ana haki ya kudai aonyeshwe majeruhi mwenyewe. Kosa, kwa maoni yetu, ni la istilahi, na sisi tunaoshughulika na istilahi hatuwezi kulikwepa kwa kusema kwamba mambo ya mpira ni mambo ya vijana.

Tuyaangalie basi maneno yanayotumika. Watangazaji na waandishi wetu wanayo manne, nayo huyachanganya watakavyo: dakika za majeruhi, dakika za nyongeza, muda wa nyongeza na muda wa ziada. Dhana zenyewe ni mbili tu, nazo ni mbalimbali kabisa. Ya kwanza ni dakika zinazorudishwa mwishoni mwa kila kipindi badala ya zile zilizopotea. Ya pili ni vipindi viwili vya dakika 15 vinavyochezwa pale timu zinapotoka sare katika mechi ambayo lazima apatikane mshindi. Tumewahi kumsikia mtangazaji mmoja akisema, katika pumzi ile ile, kwamba bao limefungwa "katika dakika ya tatu ya nyongeza" na kwamba mechi sasa "inakwenda kwenye nyongeza". Msikilizaji aliyechelewa kufungua redio asingeweza kujua bao hilo lilifungwa lini.

Lakini mchanganyiko huo ni kosa dogo. Kosa kubwa limo ndani ya neno nyongeza lenyewe. Mama akinunua fungu la nyanya au kisado cha maharage, akishalipa husema, "Niongeze basi," na muuzaji huchota kidogo akatia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haimo katika kipimo wala katika bei. Ni hisani ya muuzaji, na humpa amtakaye. Mteja wa kila siku hupewa konzi, na mpita njia huambulia punje chache au asipate kitu. Hakuna anayemshitaki muuzaji kwa kutotoa nyongeza. Sasa neno hili likichukuliwa zima zima kutoka sokoni na kutiwa mkononi mwa mwamuzi, humgeuza mwamuzi kuwa muuzaji. Dakika sita huonekana ni hisani yake, na swali linalofuata ni la haki kabisa: amemfanyia nani hisani? Timu iliyofungwa ndiyo inayozihitaji. Basi ni yeye aliyewapa. Kwa hiyo ile kauli ya "amewapa wenzake nyongeza" ilikuwa tafsiri sahihi ya neno lisilo sahihi.

Neno linalofaa tunalo, nalo ni fidia. Watu wa Hai wanalijua vizuri. Barabara ikipanuliwa ikala migomba na mibuni ya mtu, mwenye shamba hudai fidia, hadai nyongeza. Fidia hulipwa kwa kitu kilichopotea, hupimwa kwa kadiri ya hasara, na anayelipwa hana sababu ya kumshukuru anayelipa. Hivyo ndivyo sheria ya saba ilivyo. Kwa hiyo tunapendekeza *dakika za fidia* kwa dhana ya kwanza, na *muda wa ziada* uachiwe dhana ya pili peke yake. Mtazamaji aliyeambiwa "dakika sita za fidia" atauliza zinafidia nini, na mwamuzi anaweza kumjibu kwa kuhesabu: mabao matatu, kadi, mabadiliko, shamba la mahindi. Swali la "majeruhi yuko wapi" halijibiki.

Tunajua tutakavyopingwa. Itasemwa kwamba dakika za majeruhi limekwisha kota mizizi, kwamba ni tamu kutamka, na kwamba watu hawabadilishi maneno kwa amri ya baraza. Hoja hiyo ina nguvu, hasa sehemu yake ya mwisho. Nukta lilikuwa jina la sehemu ya sitini ya dakika kabla sekunde haijaenea. Leo ukimwambia kijana kwamba kipa ana nukta nane atatafuta kalamu. Hatukusudii kumkataza mtu yeyote kusema majeruhi kibarazani. Tunachotaka ni kwamba anayezitafsiri sheria, anayewafundisha waamuzi wa wilaya na anayesoma habari redioni wawe na neno moja lenye maana moja.

Lipo jambo jingine ambalo Kiswahili kinalimudu bila kuazima chochote, nalo limepuuzwa. Watangazaji husema "kupoteza muda" kwa kila kinachosimamisha mchezo. Lakini sarufi yetu imetupa mnyambuliko: muda *hupotea*, na muda *hupotezwa*. Mchezaji aliyevunjika mguu hakupoteza muda. Muda umepotea kwa sababu yake, naye hana lawama. Anayejilaza nyasini huku akichungulia saa ya mwamuzi ameupoteza. Sheria hufidia wa kwanza na wa pili, lakini humwadhibu wa pili peke yake. Ni silabi chache zinazotenganisha msiba na hila, na mtangazaji asiyezitofautisha humtia mgonjwa katika kundi la walaghai.

Tofauti hiyo imezidi kuwa muhimu kwa sababu watunga sheria wa kandanda wamekuwa wakikaza kamba mwaka hadi mwaka ili mchezo uende mbio. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi kwa mguu wa mwenzake. Mwaka 2000 aliwekewa sekunde 6 za kukaa na mpira mkononi, na adhabu ikawa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo lake. Adhabu hiyo ilikuwa kali mno hata waamuzi wakaona haya kuitoa, na sheria ikabaki kitabuni. Katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar waamuzi waliagizwa wahesabu kwa ukamilifu muda uliopotea. Katika mechi ya Uingereza na Iran zilitangazwa dakika 14 katika kipindi cha kwanza peke yake. Hapo kwa bahati majeruhi alikuwapo, naye ni kipa wa Iran, na mabingwa wa dakika za majeruhi wakaona wamepata ushahidi. Kisha mwaka 2025 zile sekunde 6 zikawa 8, na adhabu ikapunguzwa kuwa kona.

Ubishi huu hauko katika kandanda peke yake. Wamarekani wamebishana miaka mingi juu ya besiboli yao, mchezo ambao vijana wa Lugazi, Uganda, waliucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2012, na ambao hapa Tanzania unafundishwa katika baadhi ya shule. Besiboli haikuwa na saa. Kila upande ulikuwa na zamu tisa, na zamu ilikwisha wapigaji watatu walipotolewa, hata ikichukua robo saa au zaidi. Ni kama bao letu, ambalo zamu ya mchezaji hukoma kete yake ya mwisho inapoangukia shimo tupu, tukasema *amelala*. Hakuna anayemtolea mchezaji wa bao saa ya mkononi, ingawa watazamaji humtolea maneno. Katika michezo ya namna hiyo hapana muda wa kupotea, maana haukupimwa.

Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilianza kuupima. Mrushaji aliwekewa sekunde 15 iwapo hapana mkimbiaji kwenye vituo, na 20 iwapo yupo. Hizo 20 zikapunguzwa kuwa 18 mwaka uliofuata. Wastani wa mechi ulishuka kutoka saa 3 na dakika 4 hivi mwaka 2022 hadi kama saa 2 na dakika 40. Waliopinga walisema kwamba mchezo umepokonywa utulivu wake. Waliounga mkono walijibu kwamba kilichopunguzwa ni kukuna kichwa na kukaza glavu. Sisi tunaelekea upande wa pili. Ila kinachotuhusu zaidi ni jina. Mfasiri mwenye haraka ataiita "saa ya mrushaji", naye atakuwa ameficha nusu ya sheria, kwa sababu mpigaji naye amebanwa: lazima awe tayari zikiwa zimebaki sekunde zisizopungua 8, la sivyo anahesabiwa kosa kabla ya kurushiwa mpira. *Saa ya mrusho* hulibeba jambo lote kwa urefu ule ule.

Wapo wanaotaka kandanda nayo ifuate njia ya saa. Mwaka 2017 bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mchezo huo ililitoa kwa mjadala wazo la vipindi viwili vya dakika 30, saa ikisimamishwa kila mpira unapokufa. Halikutiwa sheriani. Kwa viwanja vikubwa lina mantiki, na lingeua hila nyingi kwa pigo moja. Kwa Bomang'ombe tunalitilia shaka. Saa ya uwanjani ni ile iliyo mkononi mwa mwamuzi, haionekani na mtu mwingine, na kuisimamisha mara mia katika mechi moja ni kumwongezea tuhuma mara mia. Kanuni ya sekunde nane, kwa upande wake, haihitaji umeme: mwamuzi huinua mkono na kuzihesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, kila mtu akiona. Inaweza kutumika Hai kama inavyotumika London, mradi watu wajue mkono ule unasema nini.

Siku ile hawakujua. Katika kipindi cha kwanza cha mechi tuliyoisimulia, kipa wa wenyeji aliudaka mpira akaukumbatia, na mwamuzi akainua vidole vitano. "Anaongeza dakika tano!" mmoja akapiga kelele, wakati hata nusu saa ya mchezo haijafika. Vidole vikaisha, kipenga kikalia, wageni wakapewa kona, na karibu uwanja mzima ukashika kichwa. Ni mtu mmoja tu aliyeonekana kuelewa, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza ndizi mbivu nyuma ya goli, naye alikuwa amemwonya kipa mapema: "Mwanangu, unaatamia! Utakuja kuadhibiwa!"

Tumelitafutia kosa hilo jina kwa muda. "Kushika mpira zaidi ya muda ulioruhusiwa" ni maelezo, si istilahi. Hakuna mwamuzi atakayeyamaliza kabla kona haijapigwa. "Kuchelewesha" ni pana mno. "Kulalia", ambalo baadhi ya vijana hulitumia, linamtaka kipa awe chini, ilhali wengi hutenda kosa hili wakiwa wima. Kuatamia ni kazi ya kuku: kukikumbatia kitu cha mviringo, kukitia joto, na kugoma kuondoka. Kinanyambulika bila taabu: kipa huatamia, mpira huatamiwa, na kona hutolewa kwa kosa la uatamiaji. Tunakipendekeza kitenzi hicho pamoja na dakika za fidia na saa ya mrusho. Kwa wasomaji watakaokiona kuwa cha mzaha mno kwa kitabu cha sheria, tunawaomba watuletee kingine, ila wakijaribu kwanza nyuma ya goli, mechi ikiwa inaendelea.