Muziki Huru au Muziki wa Kujitegemea? Uhakiki wa Istilahi Kutokana na Wiki Moja ya Maonyesho, London 1986

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuwaeleza wasomaji wake muziki ambao Waingereza huuita "indie" ana njia tatu mbele yake. Aweza kuliacha neno kama lilivyo. Aweza kulifasiri kuwa "muziki huru". Au aweza kusema "muziki wa kujitegemea". Kwa mtazamo wa haraka tofauti hizo ni ndogo, na huenda mtu akasema kwamba huo ni ubishi wa watu wa kamusi tu. Sisi tunaonelea kwamba sivyo. Katika kuchagua neno mojawapo twachagua pia jambo litakalopimwa: je, twauliza nani mwenye santuri, au twauliza santuri inalia vipi? Hayo ni maswali mawili mbalimbali. Istilahi inayoyachanganya humpotosha msomaji, na zaidi humpotosha mwanamuziki kijana ambaye kesho atawekewa mkataba mezani.

Ili tusiseme juu juu, tumechagua mfano mmoja ambao ndani yake maana zote mbili za neno hilo zilikutana.

Wiki yenyewe

Mwezi wa Julai 1986, katika jumba la Institute of Contemporary Arts lililoko barabara ya The Mall, London, yalifanywa maonyesho ya muziki kwa muda wa wiki moja. Vikundi vingi vilivyopanda jukwaani vilikuwa vimetiwa katika kaseti iliyotolewa mwaka uo huo na gazeti la muziki la kila wiki, New Musical Express, kwa jina la C86. Jina hilo halikuwa na fumbo: C ni kaseti, na 86 ni mwaka. Gazeti hilohilo, kwa kushirikiana na kampuni ya Rough Trade, lilikuwa limetoa kaseti ya namna hiyo mwaka 1981, nayo iliitwa C81. Kaseti ya 1986 ilikuwa na nyimbo 22 za vikundi 22. Primal Scream na The Pastels walitoka Glasgow, Shop Assistants walitoka Edinburgh, The Wedding Present na Age of Chance Leeds, Big Flame Manchester, na Half Man Half Biscuit Birkenhead.

Hapa lipo jambo la kwanza la istilahi. Magazeti yetu yangeyaita maonyesho hayo "tamasha", kwa sababu siku hizi neno hilo hubebeshwa kila mkusanyiko wenye vipaza sauti. Tamasha ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiajemi na Kihindi, na maana yake ya zamani ni jambo la kutazamwa na kustaajabiwa. Linafaa kwa sherehe kubwa yenye wasanii wengi waliokusanywa makusudi kutoka pande nyingi, kama ile ya Sauti za Busara iliyoanza Zanzibar mwaka 2004. Lakini usiku mmoja wa kikundi na wapenzi wake katika ukumbi mmoja ni onyesho, na siku kadhaa za namna hiyo ni wiki ya maonyesho. Tukiliita kila onyesho tamasha, tamasha lenyewe tutaliita nini?

Neno lililobadili kazi

Neno "indie" ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kutokuwa chini ya mwingine. Mwanzo wake katika muziki ulikuwa ni wa kibiashara. Mwezi wa Januari 1977 kikundi cha Buzzcocks cha Manchester kilitoa santuri yake, Spiral Scratch, kwa jina la kampuni yake chenyewe, kwa fedha zilizokopwa kwa jamaa na marafiki, kiasi cha pauni 500. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Jambo lililowashangaza watu halikuwa mlio wa magitaa, bali ni kwamba vijana wasio na kampuni kubwa nyuma yao waliweza kurekodi, kuchapa na kuuza kazi yao.

Kazi ya kuuza ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote. Kwa hiyo wasambazaji wadogo wa miji mbalimbali, miongoni mwao wa London, Bristol, York, Liverpool, Norwich na Edinburgh, waliungana na kuunda mtandao uliojulikana kwa jina la The Cartel. Kwa hakika huo ulikuwa ni ushirika wa wasambazaji. Mwezi wa Januari 1980 ilianza pia kuchapishwa orodha ya mauzo ya santuri za kampuni hizo. Kipimo cha kuingia katika orodha kilikuwa kimoja tu, nacho ni usambazaji usiopitia kwa kampuni kubwa. Mlio wa muziki haukuulizwa.

Kipimo hicho kilizaa matokeo ambayo wengi waliyaona kuwa kichekesho. Mwaka 1988 nyimbo za Kylie Minogue, zilizotengenezwa kwa ustadi wa kiwandani ili zipendwe na kila mtu, zilipanda hadi kileleni mwa orodha hiyo, kwa kuwa kampuni iliyozitoa, PWL, haikusambaza kwa njia ya kampuni kubwa. Kwa upande wa pili, The Wedding Present, ambao hakuna aliyetilia shaka kwamba ni watu wa "indie", walitoa albamu yao ya Bizarro mwaka 1989 chini ya RCA, kampuni kubwa kabisa, na wapenzi wao hawakuacha kuwaita kwa jina lilelile. Mwaka 1992 kampuni ya Creation, iliyowahi kuwatoa Primal Scream, iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Sony. Oasis, waliotolewa na Creation baada ya hapo, nao waliitwa "indie".

Maana yake ni nini? Ni kwamba neno lilihama. Lilianza likiwa jina la umilikaji, likaishia kuwa jina la mlio. Si kosa kwa neno kuhama. Maneno yote huhama. Kosa ni sisi kulifasiri kwa neno moja kana kwamba bado liko pale lilipozaliwa.

Kaseti na jina lake

Kwa kuwa tumeufikia mlio, hatuna budi kuutolea hukumu. Kaseti ya C86 yaanza kwa wimbo wa Primal Scream usiofika hata dakika moja na nusu. Magitaa hulia kwa wepesi kama kengele ndogo, mwimbaji haipandishi sauti yake, na kabla msikilizaji hajakaa sawa wimbo umekwisha. Huo ndio uzuri mkuu wa kazi hizi: hazijivuni, hazirefushi maneno, na zinamwachia msikilizaji hamu. McCarthy nao waliweza kufungasha maneno makali ya siasa ya mrengo wa kushoto ndani ya muziki mtamu, jambo ambalo mashairi yetu ya Kiswahili yanalijua sana.

Lakini anayeisikiliza kaseti hiyo yote atakutana na watu wa aina nyingine kabisa. Bogshed na Big Flame hawana kengele. Magitaa yao hukwaruza, na mapigo yao hukatika pale msikilizaji asipotarajia. Age of Chance hupiga kelele za vyuma. Udhaifu wa kazi nzima ni kwamba baadhi ya vikundi vimeufanya uchanga kuwa pambo, kana kwamba kutojua kupiga chombo ni ushahidi wa unyofu. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba kaseti ile ina mlio mmoja.

Pamoja na hayo, miaka iliyofuata "C86" liligeuka kuwa jina la mlio mmoja tu, ule wa magitaa ya kengele. Nusu ya waliokuwamo katika kaseti walifutwa na jina la kaseti yenyewe. Hilo ni funzo kwetu sote tunaounda istilahi. Jina lililotokana na mwaka halielezi kitu, nalo huzeeka upesi. Sisi wenyewe tumelikubali jina la "muziki wa kizazi kipya", ilhali vijana walioanza kuuimba katika miaka ya 1990 leo ni watu wa makamo.

Huru kwa nani?

Sasa tulitazame neno "huru". Huru ni yule asiyefungwa na mtu. Je, wiki ile ya London ilikuwa hivyo? Gazeti lililoiandaa kaseti lilikuwa mali ya IPC, kampuni kubwa ya magazeti. Jumba la ICA lilikuwa likisaidiwa kwa fedha za umma. Na aliyevitangaza vikundi hivi kuliko mtu mwingine ni John Peel wa BBC, shirika la utangazaji la umma. Vingi miongoni mwavyo vilialikwa kurekodi nyimbo katika studio za BBC kwa ajili ya kipindi chake. Hatusemi haya ili kuwaumbua. Twasema tu kwamba neno "huru" latoa ahadi ambayo muziki huu haukuitoa wala haukuitimiza. Wanamuziki hawa walikwepa jambo moja maalumu, yaani kuuza haki ya kazi yao kwa kampuni kubwa za santuri. Katika mengine walihitaji mikono ya wenzao, na ya umma pia.

Neno "kujitegemea" lasimama vyema zaidi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 Watanzania wamelijua kwa maana yake kamili: kujitegemea si kujitenga. Anayejitegemea hushirikiana na jirani, lakini jembe ni lake. The Cartel ilikuwa hivyo hasa. Aidha, ushirika huo ulipata pigo kubwa mwaka 1991, usambazaji wa Rough Trade ulipoanguka, na kampuni ndogo nyingi zikaumia. Asiyekuwa na njia yake ya kuuza hajajitegemea bado, hata kama anajiita huru.

Mfano kutoka muziki wetu wa dansi

Huenda msomaji akauliza kama Kiswahili kinaweza kutenganisha umilikaji na mlio. Twajibu kwamba muziki wetu wa dansi ulikwisha kufanya hivyo zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa za mashirika na jumuiya. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Jina la bendi lilimtaja mwenye mali. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 chini ya shirika moja, na ilipohamia chini ya shirika la maendeleo la jiji ikawa DDC Mlimani Park.

Lakini kila bendi ilikuwa pia na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina lake. Wapenzi hawakusema wanakwenda kusikiliza mali ya chama. Walikwenda Msondo, au walikwenda Sikinde. Wenye mali walibadilika, mtindo ukabaki. Na mwisho wake ni wa kutafakari: bendi iliyokuwa ya NUTA leo yajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Jina la mtindo limeishi kuliko majina yote ya wenye mali. Basi tunalo neno "mtindo", tunalijua, na watu wa kawaida wanalitumia bila kufundishwa.

Mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, pale mwandishi anapozungumzia umilikaji, mkataba au usambazaji, aseme "muziki wa kujitegemea" na "kampuni ya kujitegemea". Kwa kipimo hiki Kylie Minogue wa mwaka 1988 yumo, na The Wedding Present wa mwaka 1989 hawamo.

Pili, pale anapozungumzia mlio, aseme "mtindo wa indi", kwa tahajia ya Kiswahili. Neno la kukopa lafaa hapa kwa sababu halina maana nyingine kwetu, kwa hiyo haliwezi kudanganya.

Tatu, "popu" nalo likopwe, kama tulivyokopa jazi na dansi. Wako watakaotaka "muziki pendwa" kwa kufuata "fasihi pendwa". Neno hilo tulihifadhi kwa muziki unaopendwa na watu wengi kweli. Vikundi vingi vya kaseti ile viliimba popu, yaani nyimbo fupi zenye kiitikio chepesi, lakini havikupendwa na wengi. Popu ni umbo la wimbo. Kupendwa ni bahati ya wimbo.

Nne, "onyesho", "wiki ya maonyesho" na "tamasha" yatumiwe kila moja mahali pake.

Twajua kwamba istilahi haishindi kwa amri, bali kwa kutumiwa. Lakini hapa kuna watu wa kuumia tukizembea. Kijana anayeambiwa kwamba yeye ni "msanii huru", eti kwa sababu anapiga gitaa kwa namna fulani, aweza kutia sahihi karatasi inayompa mtu mwingine nyimbo zake zote, naye akaendelea kujidhani huru. Akiulizwa badala yake kama kazi yake ni ya kujitegemea, itambidi atazame karatasi ile na kusoma ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye rekodi.