Nani Marehemu, Nani Hai

Ukitaka kujua kama mtu anazimudu kweli alama za uakifishaji za Kiingereza, usimpe mtihani wa shule. Mpe tangazo la tanzia la Daily Nation alisahihishe. Familia imechanga, nafasi gazetini hulipiwa kwa ukubwa wake, na kila jina sharti liingie: wazazi, wake, watoto, wakwe, wajukuu, tena kila mmoja na mabano yake ya mahali anapofanya kazi au nchi aliko. Umati huo wote husukumwa ndani ya sentensi moja ambayo, baada ya mstari wa kwanza, mara nyingi haina kitenzi tena. Kinachobaki kuwatenganisha watu ni alama tu.

Chukua kipande kidogo: «Father of Juma, brother of Khaemba.» Khaemba ni ndugu ya nani, marehemu au Juma? Kwa koma hiyo majibu yote mawili yanakubalika, na katika ukoo wenye shamba la kugawana hilo si jambo dogo. Weka semikoloni, «Father of Juma; brother of Khaemba», na msomaji anarudishwa kwanza hadi kwa marehemu kabla ya kuendelea. Halafu kuna «the late Otieno, Akinyi and Wafula». Otieno katutoka, hilo halina ubishi. Akinyi je? Hapa hakuna alama itakayomwokoa. Fundi hodari hahangaiki nayo. Humwuliza mwenye tangazo, kisha huyahamisha majina: «Akinyi, Wafula and the late Otieno». Gazeti linafika Kangemi asubuhi na Akinyi yu hai. Sijapata kusikia mtu aliyepanda ngazi za Nation Centre pale Barabara ya Kimathi kwenda kumshukuru aliyefanya hivyo.

Riziki yangu ni kusoma prufu za Kiingereza, hapa Westlands, kwa hiyo nina kinyongo na ile kanuni ya shule ya msingi: weka koma pale unapovuta pumzi. Kanuni hiyo ndiyo mama wa matangazo ya ukutani yanayoanza «The members of the management committee, have resolved…» Mwandishi alifika kwenye kamati akiwa hoi, akapumua, na kwa pumzi hiyo akamtenga mtenda na kitendo chake. Kiingereza hakikuulizi umechoka wapi. Kinauliza nani anahusiana na nani.

Na swali hilo sisi hatukulizoea kulijibu kwa alama, kwa sababu lugha yetu hujifunga yenyewe. «Kitabu cha mwalimu kilichopotea»: twende tukatafute kitabu. «Kitabu cha mwalimu aliyepotea»: twende tukamtafute mwalimu. Upatanisho wa ngeli umemaliza kazi. Washairi wa Pwani waliandika tendi ndefu kwa hati za Kiarabu bila koma hata moja, na vina na mizani vikamwonyesha msomaji kila kipande kinapoishia. Hata Ulaya semikoloni ilichelewa. Ilichapwa Venice katika miaka ya 1490, kwenye karakana ya Aldus Manutius. Basi mtu aliyelelewa kwa «alifika, akaketi, akaagiza chai», ambapo -ka- inashikanisha kila kitu, akiingia katika Kiingereza hubandika sentensi mbili kamili kwa koma tupu. Ndilo kosa ninalolifuta zaidi kuliko lolote, na siliiti uzembe. Dawa yake ni nukta, au kiunganishi, au semikoloni ikiwa mambo hayo mawili kwa hakika ni jambo moja.

Lakini kuna mahali ambapo koma inatushinda na upatanisho wetu wote. «The apartments which face Waiyaki Way are cheaper»: zile tu zinazotazama barabara ndizo za bei nafuu, waweza kulipa zaidi ukapata ya nyuma yenye utulivu. Zungushia koma, «The apartments, which face Waiyaki Way, are cheaper», na sasa jengo zima linatazama barabara, malori usiku kucha, hakuna pa kukimbilia. Kiswahili cha maandishi, «nyumba zinazotazama Waiyaki Way ni za bei nafuu», hakitofautishi. Koma mbili zinatofautisha, mradi zote mbili ziwepo. Wengi huweka ya kwanza wakasahau ya pili.

Anayetaka kuziona alama hizi zikifanya kazi pamoja afungue Katiba ya 2010, Ibara ya 10, kwenye maadili ya kitaifa. Orodha inafunguliwa kwa deshi ndefu, desturi ya sheria za Kenya pale ambapo wengine wangeweka koloni. Ndani ya kundi lenye maadili mengi, maadili hayo yanatengwa kwa koma: uzalendo, umoja wa taifa, utawala wa sheria. Makundi yenyewe yanatengwa kwa semikoloni. Ondoa semikoloni uweke koma, na mpangilio wote unageuka rundo la maneno mazuri. Kabla ya «na» ya mwisho hakuna koma, kwa mtindo wa Uingereza, nami naukubali mtindo huo kwa shingo upande. Huko Maine, Marekani, mwaka 2017, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walishinda rufaa kuhusu malipo ya saa za ziada kwa sababu koma ya namna hiyo ilikosekana katika sheria. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Koloni haihitaji maneno mengi. Mbele yake iwe sentensi iliyokamilika, basi. «The requirements are:» inayojaa kwenye matangazo ya kazi haijakamilika.

Deshi nayo siku hizi ina kesi. Ikionekana tu, watu husema umeandikiwa na mashine. Mteja mmoja aliniamuru nizifute zote katika mswada wake wa Kiingereza. Nyingi ziliondoka bila kilio, zikawa koma, mabano au koloni. Moja nikaiacha: shahidi ameanza kujibu, wakili anamkata kauli. Akaniuliza kama nukta tatu zisingefaa. Hazifai. Nukta tatu ni za mtu aliyeishiwa na maneno mwenyewe. Huyu alikuwa nayo, akanyang'anywa.