Mikono Minne Juu ya Meza Moja

Oktoba ni mwezi wa bonasi ya chai. Katika soko la Nyaramba utaujua hata kama humiliki mchai mmoja: maduka ya mabati yamejaa wateja, boda boda hazipumziki, na mtu aliyekuwa akizunguka nyuma ya nyumba ili asikutane na mwenye duka sasa anapita barabarani akisalimia kwa sauti. Ni katika jioni moja ya mwezi huo nilipowaona tena omogaka na omongina wake, yaani mzee na mkewe, kwenye foleni ya kituo cha kununulia chai. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya mikaratusi na kila mtu alitaka kuondoka kabla ya mvua. Vijana waliowatangulia waliyamimina magunia yao kama wanaomwaga kokoto. Wale wawili walikuwa wamekaa chini, wameelekeana, gunia moja limetandazwa katikati yao, wanachambua.

Walitoa jani gumu. Walitoa lililochanika. Walitoa lililokuja na kijiti chake. Kila walichokitoa kilikuwa uzito, na uzito ndio mshahara wao, kwa kuwa anayechuna chai ya mwenzake hulipwa kwa kilo. Bonasi si yake. Bonasi ni ya mwenye shamba. Karani hakuwatazama. Alikuwa akitazama saa na lori. Nilisimama pale hadi zamu yao ikafika, nikaona aibu ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka.

Nawafahamu tangu nikiwa mtoto. Walikuwa wakija kuchuna katika shamba la mama yangu kila waliporudi kutoka safari, na safari zao ndizo zilizotufundisha ramani ya Kenya kabla ya mwalimu. Mvua za masika zikikolea, walikuwa Kericho au Nandi Hills. Mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zikinyesha upande wa pili wa Bonde la Ufa, walipanda basi hadi Limuru, wakati mwingine wakasogea hadi Murang'a. Kazi ilikuwa ya kibarua siku zote: miezi miwili hapa, wiki tatu kule, nyapara akisema majani yamepungua, wanafunga mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Vikapu viwili, kimoja ndani ya kingine. Eproni mbili za nailoni za kuzuia umande. Sufuria, blanketi, na fito moja iliyonyooka, laini kwa kushikwashikwa, ambayo omogaka aliibeba mkononi kama bakora ya mzee wa ukoo.

Wanaume wengi wa kwetu waliokwenda kutafuta kibarua waliwaacha wake zao nyumbani na mahindi na watoto. Hawa walikataa kutengana. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake, nami sitaifunika: watoto wao walilelewa na bibi, na kuna Krismasi zilizopita chumba chao kikiwa na kufuli. Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona kwamba ufundi wao usingezaliwa kwa mtu mmoja. Ulihitaji wawili, mmoja kila upande wa mstari.

Nitasema nilichokiona, kwa maana ndicho kilichonifanya niandike. Omogaka, aliyekuwa mrefu, alichukua upande wa juu wa mteremko. Omongina alichukua wa chini. Fito ililazwa juu ya meza ya chai, yaani uso tambarare wa michai, katikati yao, na chochote kilichochomoza juu ya fito kilikuwa halali kwa vidole. Majani mawili na chipukizi, basi. Vidole gumba vilifanya kazi, viganja vilibaki wazi, maana jani likibanwa kiganjani hupata joto, na jani lenye joto limeanza kuharibika kabla halijaliona lori. Mikono minne ilipishana juu ya meza hiyo moja bila kugusana, kisha ikatupa mzigo wake nyuma ya bega kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyetazama kikapu. Fito ilisogezwa mbele, naye aliyeisogeza hakuwa ameambiwa.

Na ile sauti! Shina changa likivunjwa pale linapostahili kuvunjwa hutoa mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayevunja ukucha wa kuku. Likivunjwa chini mno, penye ugumu, halilii, linachanika. Nikiwa na miaka minane au tisa nililala kwenye nyasi za kingo nikisikiliza mlio huo ukitoka pande mbili, wa omongina na wa mumewe, ukifuatana kama miguu ya mtu mmoja anayetembea. Hawakuzungumza sana. Hawakuwa na haja. Mlio wa upande mmoja ukinyamaza, kichwa cha upande wa pili kiliinuka papo hapo: umechoka? umechomwa na mdudu? Kisha kichwa kikainama tena na miguu ile ikaendelea kutembea. Nimehudhuria arusi nyingi tangu wakati huo na kusikia mahubiri mengi kuhusu ndoa. Sijapata kusikia yaliyozidi ule ukimya uliofuatwa na kichwa kuinuka.

Siku moja omongina aliniruhusu kujaribu. Nilichuna kwa bidii ya mtoto anayetaka kusifiwa, nikajaza kikapu kidogo alichonifungia mgongoni. Aliposhuka mwisho wa mstari alikaa chini, akakimimina kikapu changu kwenye eproni yake, akaanza kukichambua bila neno. Lundo la kutupwa likakua kuliko lundo la kubaki. Machozi yakanilengalenga. Ndipo akanishika mkono, akanirudisha kwenye mchai nilioutoka, akanionyesha mashimo niliyoyaacha juu ya meza. "Mwanangu," aliniambia, "wiki mbili zijazo atasimama hapa mtu mwingine. Atakuta nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha ufundi wote. Mchai haufi ukichunwa, unajibu. Ukivunja vizuri unachipua sawasawa, na baada ya siku kumi au kumi na nne meza inakuwa tambarare tena, imejaa. Ukiuchana unajibu kwa ukaidi: unatoa matawi ovyo, mengine juu, mengine chini, na mchunaji anayefuata analipia ujinga wako kwa kilo zake. Sasa fikiri. Watu hawa walikuwa wakisimama mbele ya michai ya Limuru ambayo hawangeiona tena maishani. Mwenye shamba hawamjui kwa jina. Mkataba wao umebakiza siku nne. Hata hivyo fito ililazwa, kimo kikapimwa, na mtu wa wiki mbili zijazo akawekewa meza yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuwa wageni wa namna hiyo kila walikopita. Walipewa kazi ya muda, nao hawakuifanya kwa roho ya muda.

Kila eneo lilikuwa na somo lake, nao waliyabeba masomo hayo kutoka mlima hadi mlima. Limuru, baridi ya alfajiri hutia vidole ganzi, basi walijifunza kuanza polepole na kuharakisha jua likipanda. Nandi, mteremko ni mkali, na mguu wa chini ndio unaochuna kuliko mkono. Kericho ina mvua ya mawe inayojulikana duniani kote. Dakika kumi tu za mchana zinaweza kuligeuza shamba la kijani kuwa matambara, na kesho yake vibarua wanaambiwa warudi kwao. Walijua michai ya zamani iliyooteshwa kwa mbegu, ambayo kila mmoja una sura na tabia yake kama watoto wa nyumba moja, na walijua michai ya siku hizi iliyozalishwa kwa vipandikizi, yote sawasawa kama askari gwarideni. Omongina alipenda ile ya mbegu. Alisema ile nyingine haikuulizi kitu.

Barabara hiyo ya kibarua hawakuianzisha wao. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yalipofunguliwa miaka ya 1920, babu zetu wa Gusii walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuyachuna, kipande cha utambulisho kikining'inia shingoni. Mikono yao ilitakiwa. Michai yao wenyewe haikutakiwa. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa Mwafrika kuruhusiwa kupanda chai yake kwa upana, na baada ya uhuru, shirika la chai la KTDA likaundwa mwaka 1964, viwanda vikazidi kusimama karibu na mkulima. Leo Nyamira ina Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyankoba. Tunajivunia viwanda hivyo, na ni haki yetu. Lakini kiwanda hakimuumbii mtu jani. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ndizo hutoa kilo moja ya chai kavu, na uzuri wa kilo hiyo umeshaamuliwa shambani, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mashine ya kiwandani inaweza kuuharibu uzuri huo. Kuuongeza haiwezi.

Kuna sehemu moja ya safari zao wasiyoisimulia kwa urefu. Walikuwa Kericho Desemba 2007, katika chumba kimoja cha kambi ya wafanyakazi, uchaguzi ulipogeuka kuwa moto. Walitoka usiku na kile walichoweza kubeba. Waliopishana nao juu ya meza za chai kwa miaka walikuwa wametengwa nao kwa kabila katika siku chache. Fito ilibaki kule. Omogaka alikata nyingine aliporudi Nyaramba, na nakumbuka jinsi alivyochukua wiki nzima kuichagua, akiulaza kila mti jichoni kama mtu anayetafuta kosa katika barua. Miaka miwili baadaye walirudi Kericho. Nilipouliza kwa nini, alinijibu kwamba michai haikuwa na kosa.

Kilichowashinda hatimaye kilikuja bila rungu. Mashine za kuchuna zilianza kuonekana katika mashamba makubwa. Wafanyakazi wa mashamba waligoma kwa sababu ya mashine hizo mwaka 2010, na Mei 2023 hasira ya wakazi wa Kericho ikafikia kuzichoma moto. Sitetei moto, nimeona tulichokipata kwa moto. Wala sisemi kwamba mwenye shamba hana hesabu zake. Nasema nilichokiona kwa macho yangu mashine ilipopita: meza imekatwa sawa kwa kipimo cha chuma, jani changa na jani zee yamelala pamoja gunia moja, vijiti vyeupe vimetoa vichwa kama mifupa. Mashine haiwezi kuulizwa atakuta nini atakayefuata. Atakayefuata ni yenyewe.

Na sisi wa mashamba madogo tusijitoe lawamani. Mashine haijafika kwangu, lakini pupa imefika. Tunawaita vijana asubuhi, tunawalipa kwa kilo, tunataka shamba liwe limekwisha saa nane. Wanachuna kwa viganja, wanashindilia jani gunia lisije likajaa mapema, wanalikalia kwenye boda boda. Nikiwa mtoto, karani wa kituo alitandaza majani ya kila mkulima juu ya gunia, akayapekua mbele ya watu wote, na kurudishiwa majani yako ilikuwa fedheha ya kusimuliwa kanisani. Siku hizi anaulizia namba. Kisha Oktoba tunakusanyika sokoni tukishangaa bonasi imepungua, tunamlaumu huyu na yule, na hakuna hata mmoja wetu anayeitazama mikono yake.

Jioni ile kituoni niliketi chini kando yao. Omongina alinitambua, akaniuliza habari za mama. Nilimuuliza mbona wako nyumbani Oktoba, mvua za Limuru si zimeanza? Akaniambia yule nyapara aliyekuwa akiwapigia simu kila mwaka amestaafu, na aliyechukua nafasi yake hachukui vibarua wazee. Simu haijalia. Alisema hayo huku vidole vyake vikiendelea na kazi, na mumewe akasogeza lundo la majani mazuri karibu naye, jinsi alivyokuwa akisogeza fito.

Nilinyoosha mkono kusaidia, nikachukua jani nililoliona gumu, nikaliweka kwenye lundo la kutupwa. Omongina akalirudisha. Akalichukua jingine nililolipitisha, akalitupa. Hakusema neno, kama siku ile. Nikarudisha mikono yangu magotini, nikatazama.

Zamu yao ilipofika, karani alitundika gunia kwenye mzani, akaandika, akayamwaga majani ndani ya lori, juu ya majani ya watu wengine wote. Yalionekana kwa muda mfupi, kijani kimoja kilicho laini juu ya kile kilichokwaruzika. Kijana aliyekuwa ndani ya lori akayasukuma kwa mguu ili nafasi ipatikane. Omogaka akakunja gunia lake tupu mara nne, akalipangusa, akampa mkewe abebe.